Frasila Mbili: Ufungaji wa Mizigo na Mpango wa Safari za Bara katika Karne ya 19

Katika vitabu walivyoandika Wazungu juu ya safari zao za kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki kwenda bara, hapana malalamiko yanayorudiwa mara nyingi kuliko yale ya mizigo. Mizigo imelowa, mizigo imechelewa, mizigo imetupwa njiani na wachukuzi wametoroka. Msomaji wa vitabu hivyo huweza kudhani kwamba mzigo ulikuwa adha tu, na kwamba mpagazi hakuwa na kazi ila kuinamisha kichwa na kwenda alikoambiwa. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Kufunga mzigo, kuugawa, kuupanga katika msafara na kuutua salama kulikuwa elimu kamili, yenye kipimo chake, kanuni zake na msamiati wake. Wenye elimu hiyo walikuwa ni wapagazi wenyewe, na Kiswahili kimehifadhi sehemu kubwa ya msamiati wao.

Yafaa kusema mapema kwa nini jambo hili lamhusu mtu wa lugha. Nimewahi kuwasomea wanafunzi habari ya msafara uliotoka Bagamoyo na mitumba mingi, wakacheka, kwa kuwa kwao mitumba ni nguo kuukuu zilizovaliwa ng'ambo. Katika lugha ya misafara mtumba ulikuwa robota la nguo mpya lililofungwa kwa kipimo cha bega la mtu mmoja. Hali kadhalika bahasha: kamusi za karne ya 19 zaieleza kuwa ni mfuko wa mraba wenye kifuniko cha pembe tatu, wa kuwekea vitabu na vitu vidogo, ambapo leo ni karatasi ya kutilia barua. Asiyejua mabadiliko haya husoma maandishi ya zamani kana kwamba ameyaelewa, kumbe ameyapita tu.

Kipimo

Msafara wa bara haukuwa na gari wala ngamia. Mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo katika sehemu nyingi za njia. Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 alichukua farasi wawili pamoja na punda, na farasi wote wawili walikufa kabla safari haijafika mbali. Mchukuzi wa kutegemewa, basi, alikuwa mtu, na kipimo cha kila kitu kilikuwa nguvu ya mtu.

Kipimo hicho kilikuwa frasila. Frasila moja ni ratili 35 hivi, yaani karibu kilo 16. Burton, aliyesafiri baina ya 1857 na 1859, asema kwamba mzigo wa mpagazi haukuzidi frasila 2, na Stanley naye ataja ratili 70 kuwa ndiyo mwisho. Ushanga haukufika hata hapo: kwa kuwa ni mzigo mgumu usiokubali kulalia umbo la bega, Burton asema aghalabu haukupita ratili 50.

Niliporudi nyumbani kutoka masomoni Ulaya, sanduku langu la vitabu lilikataliwa na mizani ya uwanja wa ndege. Nikaambiwa nilifungue nipunguze, kwa kuwa kipande kimoja kisizidi kilo 32 hata mwenyewe akiwa tayari kulipa. Kwa kipande cha kawaida mashirika mengi ya ndege huruhusu kilo 23. Miaka mingi baadaye, nikiisoma hesabu ya Burton, nilichukua kalamu nikageuza ratili kuwa kilo: ratili 70 ni kilo 32, na ratili 50 ni kilo 23 kasoro kidogo. Sidai kwamba mashirika ya ndege yalimsoma Burton, wala kwamba yalijifunza kwa Wanyamwezi. Sababu ni moja tu: nyuma ya mizani zote mbili yuko mtu atakayeinama na kuinua. Kipimo cha wapagazi hakikuwa uvivu, kama baadhi ya wasafiri walivyoandika kwa hasira. Kilikuwa ujuzi wa mwili, uliopatikana kwa kutembea siku nyingi mfululizo.

Kipimo hicho kilimlazimisha mwenye safari kufikiri kabla ya kuondoka. Vitu vyote alivyokuwa navyo, viwe vingi namna gani, vilipaswa kugawanyika katika sehemu za frasila 2, na kila sehemu ilikuwa na mshahara na posho yake. Stanley aliona kwamba shehena yake ilikaribia tani 6, akaigawa katika misafara mitano. Wa kwanza uliondoka Bagamoyo tarehe 18 Februari 1871, naye mwenyewe akafuata na wa mwisho tarehe 21 Machi. Mtu aliyeongeza kasha moja la anasa hakuongeza kasha tu. Aliongeza mtu, na chakula cha mtu huyo, na nguo ya kununulia chakula hicho.

Maana nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Merikani iliyotoka viwanda vya Marekani, na kaniki iliyotiwa nili, zilihesabiwa kwa shuka ya mikono 4, kwa doti ya mikono 8, na kwa gora zima. Ushanga ulikuwa wa namna nyingi, na kila nchi ilikuwa na namna yake iliyopendwa. Ushanga mwekundu ulionunua chakula mahali pamoja ulikataliwa kwingine. Kwa hiyo uchaguzi wa vitu ulitangulia ufungaji, na mshauri wa kweli alikuwa mtu aliyekwisha kwenda akarudi. Kuchukua namna isiyotakiwa mbele ni kubebesha watu uzito usio na thamani kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000.

Namna ya kufunga

Burton ameeleza ufungaji wa mtumba kwa makini, na maelezo yake yastahili kurudiwa kwa kuwa ni kazi ya mikono ya watu wetu. Nguo zilikunjwa zikabanwa pamoja na kukazwa kwa kamba hata zikawa kama mto mrefu wa kulalia, wenye urefu wa futi 5 hivi. Kisha zilikatwa fito zenye kunyumbulika, aghalabu tatu zilizokuwa pamoja shinani, zikabanduliwa maganda na kulazwa kando ya mtumba, na ncha zake zikafungwa kwa kamba za nyuzi za miti.

Fito hizo zilifanya kazi tatu. Ziliuzuia mtumba usipindike begani. Zilimpa mpagazi mahali pa kushika. Na alipotaka kupumzika, hakuulaza mzigo chini, bali aliusimamisha kwa ncha za fito na kuuegemeza mtini, nguo zikawa juu ya tope na maji ya mvua. Tena mzigo uliosimama huingia begani pasipo mwenyewe kuinama mno. Ushanga nao ulitiwa katika mifuko mirefu myembamba ya merikani na kufungiwa fito vivyo hivyo. Masango, yaani nyaya nene za shaba, yalikunjwa duara na kutundikwa katika ncha mbili za mti. Mzigo unaochukuliwa hivyo kwa mti, na mtu mmoja au wawili, huitwa mzegazega.

Mali ya mpagazi mwenyewe ilikuwa juu ya mzigo aliolipwa, nayo ilikuwa kidogo kwa kadiri ya hekima: ngozi au kirago cha kulalia, chungu cha kupikia, kibuyu cha maji, silaha, na labda jembe alilolichuma kwa ujira wake. Kitu kimoja kilitumiwa kwa kazi zaidi ya moja. Vitu vidogo vya thamani viliwekwa katika kilindo, yaani kijisanduku cha mviringo cha gome la mti, au katika lindo lililo kubwa kuliko hilo. Gome ni jepesi, halivunjiki likianguka, na hustahimili mvua kuliko kasha la mbao. Msomaji na alikumbuke gome hilo, kwa kuwa tutalikuta tena katika safari kubwa kuliko zote.

Mpango wa msafara

Mzigo uliofungwa vema lakini ukapotea katika fujo ya njia haukuwa na faida. Kwa hiyo msafara ulikuwa na utaratibu uliojulikana na watu wote. Mbele alitangulia kirangozi na bendera. Jina lake ni umbo la bara la kiongozi. Nyuma yake walifuata wachukuzi wa pembe za ndovu, kisha wa nguo na ushanga, kisha mizigo ya namna nyingine, kama vile ngozi, chumvi, tumbaku, majembe, makasha, mahema, vyungu na mikeka. Kila mtu alijua mzigo wake na mahali pake, na aliyekosekana alionekana upesi, kwa kuwa nafasi yake ilikuwa wazi.

Siku nayo ilipangwa. Mwendo ulianza alfajiri na kukoma kabla jua halijakuwa kali. Palipokuwa na nyika isiyo na maji, waliondoka baada ya adhuhuri, wakalala njiani pasipo maji, wakayafikia asubuhi ya pili. Mwendo huo wa alasiri Burton aliuandika tirikeza, na Stanley terekeza. Ulichukiwa na watu wote, lakini ulihesabiwa kabla, ili vibuyu vijazwe na chakula kipikwe mapema.

Haifai kuyapamba mambo haya. Katika misafara ya pembe walikuwamo watumwa waliobebeshwa pasipo hiari, na kwao frasila haikuwa kinga. Lakini wachukuzi wengi, na hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru walioajiriwa kwa mapatano, nao walijua kugoma mzigo ulipozidi. Stephen Rockel, katika kitabu chake Carriers of Culture cha mwaka 2006, ameonyesha kwa urefu kwamba utaratibu wa misafara ulikuwa desturi yao waliyoijenga wenyewe. Na tukitaka kujua desturi hiyo ilikuwa na thamani gani, tutazame yaliyotokea ilipoondolewa. Katika Vita vya 1914–1918 watu wa nchi hizi walikamatwa kwa wingi wawe wachukuzi wa majeshi, pasipo mapatano, na posho na matibabu yao vikapungua. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi cha wachukuzi wa Waingereza limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, ambako watu hununua na kuuza kila siku pasipo kukumbuka asili yake.

Kutwika na kutua

Tukiigeukia lugha, twaona jozi ya vitenzi ambayo hapana Mswahili asiyeijua, nayo ni kutwika na kutua. Kutwika ni kuuweka mzigo kichwani au begani, na mara nyingi mtu hutwikwa na mwenzake, kwa kuwa mzigo kamili ni shida kuuinua peke yako. Kutua ni kuuteremsha taratibu. Kutua si kubwaga, kwani abwagaye hajali kilichomo. Ndiyo maana wengi hulieleza jina la Bagamoyo kwa bwaga moyo: aliyefika pwani, wasema, aliona safari imekwisha na moyo ukaanguka kama mzigo uliotupwa.

Kutoka kitenzi tua tunapata kituo. Leo kuna kituo cha basi, kituo cha polisi, hata kituo katika maandishi, mahali msomaji anapopumua. Asili ya yote ni mahali ambapo mtu ameteremsha mzigo. Jua nalo hutua, na ndege hutua. Na katika tulia na utulivu imo ile l ya kale iliyopotea katika tua. Kwa watu waliotembea kwa miezi na frasila 2 begani, utulivu haukuwa fikira ya mbali. Ulikuwa ni ile nafasi ya bega baada ya mzigo kuondoka.

Kirago nacho, mkeka wa kulalia safarini, kimetupa usemi wa kufunga virago, ambao leo husemwa juu ya mtu ahamaye nyumba au aachaye kazi, hata kama hana mkeka.

Mzigo uliotoka Chitambo

Elimu hii yote ilijaribiwa kwa pamoja katika mwaka 1873. David Livingstone alifariki mapema mwezi wa Mei mwaka huo katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliokuwa pamoja naye ni watu wapatao 60, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Wangeweza kumzika hapo na kurudi kwao. Waliamua kumpeleka pwani, pamoja na maandishi yake yote, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500. Habari ya kazi yao imo katika shajara za mwisho za Livingstone, zilizotolewa na Horace Waller mwaka 1874, naye aliipata kwa vinywa vya Susi na Chuma wenyewe.

Jambo la kwanza walilofanya halikuwa kulia, bali kuhesabu. Makasha ya marehemu yalifunguliwa mbele ya watu wote, ili asiwepo wa kulaumiwa peke yake baadaye, na Jacob Wainwright, aliyesomeshwa Nasik katika Bara Hindi, akaandika orodha ya vilivyomo.

Kisha wakafunga. Moyo na matumbo vilizikwa chini ya mti. Mwili ulitiwa chumvi na kuanikwa juani kwa muda wa siku 14 hivi. Miguu ilikunjwa magotini ili urefu upungue. Mwili ukazungushiwa nguo, ukatiwa katika gome la mti lililobanduliwa zima kama bomba, ukashonewa turubai, ukafungwa katika mti wa kuchukuliwa na watu wawili. Atakayesoma habari hii akiwa amekwisha kujua lindo na mzegazega hataona ajabu ya washenzi, kama walivyoona baadhi ya wasomaji wa Ulaya. Ataona mafundi wakitumia kila walilolijua: kufupisha, kukausha, kukinga na mvua, kugawa uzito kwa mabega mawili.

Katika Unyanyembe walikutana na Cameron, aliyewashauri wamzike hapo. Walikataa. Walipofika Kasekera wakajua kwamba watu wa mbele hawatakubali maiti ipite katika nchi yao. Hapo ndipo ufundi wao ulipofika kilele. Waliutoa mwili katika gome, wakaufunga upya hata ukawa na umbo la mtumba wa kawaida, kama mitumba mingine yote ya msafara. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayafunga pamoja na kuyavika nguo mfano wa maiti iendayo kuzikwa, na wakakunja karatasi na kuibana katika kijiti kilichopasuliwa, kama ichukuliwavyo barua. Watu sita waaminifu wakatumwa kurudi na mzigo huo wa uongo kuelekea Unyanyembe. Walipofika mbali wakayatawanya mabua moja moja porini, na kuwarudia wenzao kwa njia mbalimbali. Wenyeji waliridhika kwamba maiti imerudishwa, na mtumba wa kweli ukapita mbele ya macho yao.

Hila hiyo isingewezekana kama mtumba haungekuwa na umbo moja lililojulikana na kila mtu njiani. Desturi ya kufunga kwa namna moja, iliyoanza kwa ajili ya bega la mpagazi, ndiyo iliyowapa pahali pa kuficha.

Walifika Bagamoyo Februari 1874. Mwili ulizikwa katika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili mwaka huo. Miongoni mwa wale waliouchukua, Wainwright peke yake ndiye aliyehudhuria. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya mazishi. Chuma alirudi katika kazi yake, na mwaka 1879 alikuwa mkuu wa wapagazi katika msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson kutoka Dar es Salaam. Johnston alipofariki njiani, Thomson, aliyekuwa bado kijana, aliuendeleza msafara pamoja na Chuma. Chuma alifariki mwaka 1882, na Susi mwaka 1891.

Hitimisho

Vitabu vya shule vimetusomesha watu hawa kwa neno moja, uaminifu. Ni neno la heshima, lakini halitoshi, na kwa namna fulani huwadhulumu, kwa kuwa mtu aweza kuwa mwaminifu na asijue lolote. Uaminifu ungewapa nia ya kuufikisha mwili pwani. Kilichoufikisha ni ujuzi wa kukadiria, kufunga, kuorodhesha, kupanga na kufunga upya mambo yalipobadilika. Shajara zilizomtukuza mwenye mzigo ziliokolewa na elimu ya wachukuzi wa mzigo, na elimu hiyo haikupewa jina.

Wazee husema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wasafiri wengi wa karne ile walisafiri wepesi, na wakaandika kama watu wepesi, kwa sababu uzito wao ulikuwa juu ya vichwa vya wengine. Kazi iliyobaki kwetu tulio katika chuo cha lugha si kubwa: kuyakusanya maneno haya, mtumba, mzegazega, lindo, kirago, gora, doti, kwa maana zake za safari, na kuyaandika katika kamusi zetu pamoja na tarehe zake, kabla mtu wa mwisho aliyeyasikia kwa babu yake hajatua.